Nafuta Kauli Yangu Juu ya Vyama vya Mafari

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Muhula uliopita, Ijumaa moja ya mwezi wa Mei, Chama cha Mdahalo kilikutana bwaloni kujadili hoja isemayo, "Vyuo vikuu visiruhusu wanafunzi kuunda vyama vya mambo ya kitoto." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono hoja, na upande wetu ulishinda. Mliokuwapo mtakumbuka jinsi bwalo lilivyovuma kwa vicheko, hata mwalimu wa zamu akaja kuchungulia dirishani. Leo naomba nafasi katika kurasa hizi niseme kwamba ushindi ule haukuwa wa haki, maana jambo lililowachekesha kuliko yote halikuwa kweli.

Kwa faida ya wasiokuwapo, yafaa nieleze kwanza. Mfano wangu mkubwa siku ile ulikuwa vyama vya mafari katika vyuo vikuu vya Marekani. Mpinzani wangu mmoja alisimama akauliza kama nasema habari za feri ya Kigamboni. Sivyo. Neno fari latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye manyoya. Mafari ni watu wanaopenda hadithi, michoro na filamu za wanyama wenye tabia za watu, yaani wanyama wasemao, wavaao nguo, na wenye akili na huzuni kama sisi. Kila fari hujibunia mnyama wake, kama vile mbweha, mbwa mwitu au paka, akampa jina na tabia, akamchora au kumtungia hadithi. Wachache kati yao hushona vazi zima la mnyama huyo, lenye kichwa na mkia, wakalivaa siku za sherehe.

Bwaloni nilisema mambo matatu. Nilisema kwamba watu hawa hujiona ni wanyama hasa. Nilisema kwamba shule na vyuo vya huko vimewawekea mabeseni ya mchanga vyooni wajisaidie kama paka. Na nilisema kwamba ni aibu mzazi kulipa ada ili mtoto wake akavae mkia. Lile la pili ndilo lililolipua bwalo. Nilikuwa nimeliona katika simu ya binamu yangu wakati wa likizo, nikaliamini kwa kuwa lilinichekesha.

Kesho yake mwalimu wetu wa Uraia aliniita ofisini. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Haya ya mabeseni umeyatoa wapi?" Nikajibu, "Nimeyaona kwenye simu, mwalimu." Akasema, "Vema. Likizo ya Juni katafute mtu mmoja aliyeyaona kwa macho yake, uniletee jina la shule." Nikaenda nyumbani nikifikiri ni kazi ya jioni moja. Nilitafuta wiki tatu kwa kompyuta ya shangazi yangu, na jina la shule sikulipata, kwa sababu shule hiyo haipo.

Nililopata ni hili. Mwezi wa Machi mwaka 2022, seneta wa jimbo la Nebraska aitwaye Bruce Bostelman alisimama katika baraza la jimbo lake akasema maneno yale yale niliyoyasema mimi bwaloni, kwamba shule huwawekea wanafunzi mabeseni ya mchanga. Siku hiyo hiyo ilibainika kwamba si kweli, naye akaomba radhi hadharani. Hata hivyo uvumi haukufa. Mwezi wa Januari mwaka 2024 mbunge mmoja wa jimbo la Oklahoma alipeleka muswada kwamba mwanafunzi anayejifanya mnyama shuleni achukuliwe na wazazi wake, na wasipokuja waitwe wakamataji wa wanyama. Mwezi wa Machi mwaka 2025 muswada mwingine wa kupiga marufuku mambo hayo mashuleni ulipelekwa katika jimbo la Texas. Hivyo watu wazima waliochaguliwa walikaa kutunga sheria juu ya beseni ambalo hakuna aliyeliona.

Mahali pamoja ulikuwapo kweli mchanga wa paka madarasani, na habari yake si ya kuchekesha. Wilaya ya Jefferson katika jimbo la Colorado, ambamo imo shule ya Columbine yalikotokea mauaji ya kutisha mwaka 1999, iliweka mchanga huo katika ndoo za dharura. Ulikuwa wa kutumiwa na watoto endapo watafungiwa darasani saa nyingi kwa sababu mtu mwenye bunduki yumo shuleni. Niliposoma hayo nilikumbuka jinsi tulivyocheka, nikaona haya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, lakini hata ikiwa fupi, aipitaye aweza kumkanyaga mtu. Katika bweni letu yuko mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, mpole sana, ambaye alikuwa na daftari la michoro. Alichora sungura aliyevaa sare za skauti, fisi mwenye miwani akisahihisha mitihani, na mbuzi akipanda daladala. Usiku ule baada ya mdahalo wenzetu walianza kumwita Fari. Asubuhi ya Jumapili alikuta beseni la mchanga limewekwa chini ya kitanda chake. Alicheka pamoja nao, kama mtu acheke asije akalia. Mimi ndimi kiranja wa bweni hilo. Nililiona beseni, nikamwambia mtu alitoe nje, na zaidi ya hapo sikusema neno. Tangu siku hiyo sijamwona akichora.

Basi hii ndiyo sababu ya kuandika. Nataka niyapime upya yale niliyoyasema, safari hii kwa mambo ya kweli.

Tuanze na swali kama mafari hujiona ni wanyama. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Kathleen Gerbasi na wenzake walichapisha utafiti juu ya mafari, na tangu hapo yeye na wataalamu wengine wa Marekani na Kanada wameendelea kuwauliza maelfu ya watu hao maswali ya namna hiyo. Imeonekana kwamba walio wengi sana wanajua vizuri kwamba wao ni watu. Mnyama wao ni kama mhusika katika tamthilia. Imeonekana pia kwamba wengi ni vijana wa umri wa chuo, kwamba wengi wao hawana hata vazi la manyoya, na kwamba wengi walionewa na wenzao walipokuwa shuleni kuliko ilivyo kawaida. Hilo la mwisho nililisoma mara mbili.

Mambo yao hayakuanza jana. Wengi wao husimulia kwamba mapenzi yao yaliwashwa na filamu kama Robin Hood ya kampuni ya Disney ya mwaka 1973, ambamo shujaa ni mbweha. Mkutano wao wa kwanza mkubwa ulifanyika Costa Mesa, California, mwezi wa Januari mwaka 1989, na waliohudhuria walikuwa watu 65 tu. Mwaka 1994 ikaja filamu ya The Lion King, ikawaleta wapenzi wengine wengi, na hapo hata sisi tumo, maana Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno yetu ya Kiswahili. Siku hizi mkutano wao uitwao Anthrocon hufanyika kila mwaka katika mji wa Pittsburgh, ambako umekuwa tangu mwaka 2006. Mwaka 2024 walihudhuria watu zaidi ya 17,000. Wenyeji hutoka na watoto wao kutazama maandamano ya mavazi, wenye migahawa huwakaribisha, na kila mwaka mafari huchanga fedha kwa ajili ya shirika linalotunza wanyama. Mwenyekiti wa mkutano huo kwa miaka mingi amekuwa mwanakemia, Dakta Samuel Conway. Nawaambia ndugu zangu wa masomo ya sayansi wasiogope.

Sasa nije kwa vyuo vikuu vyenyewe, maana hapo ndipo hoja yetu ilipokuwa. Ukitaka kuona mtu mzima amevaa vazi la mnyama katika chuo kikuu cha Marekani, huna haja ya kuwatafuta mafari. Nenda uwanja wa mpira. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Madison kina mnyama wake wa jamii ya nyegere, aitwaye Bucky Badger. Hapo kwanza walijaribu kumleta mnyama wa kweli uwanjani, lakini alikuwa mkali na msumbufu. Ndipo mwaka 1949 mwanafunzi mmoja akavishwa kichwa cha mnyama huyo kilichotengenezwa kwa karatasi na gundi, na desturi hiyo inaendelea hata leo. Chuo kinanunua vazi, mwanafunzi analivaa, anaruka na kubingirika mbele ya maelfu ya watu, na wote, pamoja na maprofesa, humpigia makofi. Vyuo vingi vya huko vina wanyama wa namna hiyo, simba wa milimani, mamba, na dubu.

Basi nauliza, kuna tofauti gani kati ya mwanafunzi huyu na mwanafunzi fari? Wote wawili wamevaa manyoya, na wote wawili wanatoka jasho ndani yake. Tofauti ni kwamba mmoja mnyama wake amechaguliwa na chuo, na mwingine amejichagulia mwenyewe. Wa kwanza twamwita fahari ya chuo, wa pili twamwita mwendawazimu.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Wamarekani peke yao. Nyani haoni kundule. Mimi ni skauti wa kikundi cha Chui. Tangu Baden-Powell alipoandika kitabu chake mwaka 1908, vikundi vya skauti huitwa kwa majina ya wanyama, na kila skauti hufundishwa mlio wa mnyama wa kikundi chake. Nimenguruma porini usiku pamoja na wenzangu saba, na hakuna aliyeniwekea beseni. Siku ya mechi mashabiki wa Simba hunguruma mpaka sauti zikauke. Wamakonde katika ngoma ya mapiko hufunika mwili mzima na kuvaa kinyago, na katika vinyago hivyo vimo vya wanyama. Sisemi kwamba mapiko na mafari ni kitu kimoja, maana mapiko ni mila yenye heshima yake na miiko yake. Nasema tu kwamba binadamu kuvaa sura ya mnyama si jambo geni chini ya jua, wala si dalili ya akili kuharibika.

Mtu ataniambia, "Haya, wavae nyumbani kwao. Kwa nini chuo kiwape chumba cha mikutano na fedha?" Swali hili ni la haki, na kwa bahati njema Wamarekani wamelijibu mahakamani kwa ajili ya vyama vya kila namna. Mwaka 1972 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kesi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha serikali katika jimbo la Connecticut, ambao mkuu wa chuo aliwakatalia kuunda chama cha siasa. Mahakama ilisema chuo cha serikali hakiwezi kukikataa chama kwa sababu tu kinachukia mawazo yake, lakini kinaweza kukitaka kifuate kanuni za chuo na kisivuruge masomo. Mwaka 2000 ikaja kesi ya chuo kile kile cha Wisconsin. Wanafunzi kadhaa walilalamika kwamba ada yao inasaidia vyama wasivyovipenda. Mahakama ikasema chuo chaweza kutoza ada hiyo, mradi kigawe fedha bila kupendelea mawazo ya mtu yeyote, na kwamba mawazo ya wachache yapewe heshima ile ile ipewayo mawazo ya wengi. Si halali kuwapigia kura wachache ili wanyimwe.

Kesi hizo hazikuwa za mafari, na sheria hiyo hufunga vyuo vya serikali, si vya watu binafsi. Lakini kanuni yake ni nyepesi kuelewa. Chuo kikimpa chumba mcheza sataranji, mwimbaji wa kwaya na mpenzi wa filamu za Kijapani, hakina sababu ya kumnyima mchora mbweha, maadamu wote wanafuata kanuni zile zile. Kukubaliwa si kupendwa. Hakuna anayelazimishwa kuwa fari, wala kununua mkia. Anachoombwa ni kumwacha mwenzake akutane na wenzake kwa amani.

Sitaki kuwaficha wazazi upande wa pili. Kwanza, vazi kamili la fari hugharimu dola elfu kadhaa, na mwanafunzi anayekopa fedha za ada akanunua mavazi anafanya ujinga, kama vile anayekopa akanunua pikipiki ya kutembelea. Huo ni ujinga wa fedha, na haumhusu yule mwenye penseli na karatasi tu. Pili, katika ushabiki huo wamo watu wazima wenye michoro isiyofaa machoni pa watoto. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu chama cha chuo chenye kanuni, mlezi na chumba cha wazi ni bora kuliko kijana kujifungia peke yake na simu usiku. Kosa la mtu mmoja lihukumiwe kama kosa lake. Mshabiki wa mpira akivunja kiti, hatufungi timu zote.

Nimejifunza pia kwamba dhihaka ina uzito. Mwezi wa Desemba mwaka 2014 mafari walikuwa na mkutano katika hoteli moja mjini Rosemont karibu na Chicago. Usiku mtu alimwaga unga wa klorini ngazini, na gesi yake ikaenea. Maelfu walitolewa nje katika baridi, na watu 19 walipelekwa hospitali. Polisi walilichukua kuwa tendo la makusudi. Habari hiyo iliposomwa katika televisheni moja ya Marekani, mtangazaji mmoja alielezwa mafari ni watu gani, akaangua kicheko hata akaondoka mezani. Watu 19 walikuwa wamevuta sumu. Simhukumu mtangazaji huyo, maana mimi nisingekuwa nimefanya bora kuliko yeye. Nasema tu kwamba tukishazoea kumcheka mtu, twakosa hata kumwuliza kama ameumia.

Hivyo basi nafuta kauli yangu ya mwezi wa Mei. Habari ya mabeseni ilikuwa uongo, nami niliisema bila kuichungua. Seneta wa Nebraska aliomba radhi siku ile ile, mimi imenichukua muhula mzima. Juu ya hoja yenyewe, leo ningesimama upande wa pili. Chuo kikuu ni mahali pa kumfundisha kijana kuishi na watu asiowaelewa, na chama kidogo cha watu wanaopenda mbweha wenye koti ni mtihani rahisi kuliko mitihani mingi atakayoikuta duniani. Akishindwa huo, atawezaje kuishi na mtu wa dini nyingine, kabila lingine, au chama kingine cha siasa? Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Sisi tuko mbali na Pittsburgh na Wisconsin, na katika shule yetu hakuna fari hata mmoja. Lakini tuna vyama, na tuna wanafunzi wasio na chama. Nilikwenda kwa yule mdogo wangu wa Kidato cha Kwanza wiki ya pili ya muhula huu, nikamwomba radhi mbele ya wenzake wa chumba. Alisema, "Hamna shida, kaka kiranja," akaendelea kutandika kitanda. Nilimwuliza kama daftari lake bado lipo. Akasema lipo. Sikumwomba anionyeshe, na yeye hakulitoa.

Kwa hiyo natoa maombi mawili. Kwa Chama cha Mdahalo, naomba kuanzia sasa kila msemaji anayetaja habari ya nchi nyingine aulizwe na Mwenyekiti, kabla ya kura, ameipata wapi. Na kwa Chama cha Sanaa, ambacho kwa muda mrefu kimewapokea waimbaji na waigizaji tu, naomba kifungue mlango kwa wachoraji, na kisiwaulize wanachora nini maadamu si matusi. Mimi na wenzangu wa Kidato cha Nne tunafanya mtihani mwezi wa Novemba kisha tunaondoka. Ningefurahi kusikia nikiwa nyumbani kwamba katika toleo lijalo la gazeti hili, mahali fulani kati ya mashairi na matokeo ya michezo, umechapishwa mchoro wa sungura aliyevaa sare za skauti.